Kuomba Radhi kwa Kiingereza: Neno Lipi, kwa Kosa Lipi

Mgeni ametua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro saa mbili usiku. Hakuna dereva. Amekaa kwenye benchi saa tatu, mwishowe akakodi teksi mpaka Arusha kwa bei aliyotajiwa. Asubuhi anaiandikia kampuni ya utalii ambayo ilishapokea fedha zake miezi mitatu kabla. Kijana wa mapokezi anamjibu upesi: "We regret any inconvenience caused." Sarufi iko sawa, tahajia iko sawa. Mgeni akiisoma anapandwa na hasira kuliko alizokuwa nazo usiku uwanjani, na siku hiyohiyo anaandika malalamiko mtandaoni ambayo kila atakayeitafuta kampuni ile atayakuta kwanza.

Kisa nimekitunga, lakini sentensi ile sikuitunga. Inatoka kila siku katika ofisi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala, na inawaudhi wateja ambao walikuwa tayari kusamehe. Walioiandika wanajua Kiingereza. Kilichowaponza ni kuchukua neno la jambo moja wakalipeleka kwenye jambo jingine, na hilo halisahihishwi na programu yoyote ya kukagua tahajia.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunafika kwenye barua hizi tukiwa na mgawanyo wetu. Aliyefikwa na jambo tunampa pole. Tuliyemkosea, au tunayetaka kumsumbua kidogo, tunamwambia samahani. Kosa likiwa zito, au mtu akiwa wa heshima, tunaomba radhi. Habari mbaya tunaitanguliza kwa "tunasikitika". Kiingereza kimegawa uwanja huohuo kwa mipaka mingine. Neno "sorry" limebeba pole na samahani kwa pamoja, na samahani nayo imekatwa vipande: cha kuomba njia, cha kukiri kosa, cha kuomba msamaha wa moyoni. Ukilitafuta "samahani" kwenye kamusi utapewa maneno kadhaa bila kuambiwa lipi linamfaa mteja aliyelala bila chakula.

Kwa hiyo, kabla hujagusa neno lolote la Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili: je, hapa natoa pole, nakiri kosa, au natoa habari mbaya ambayo si kosa la mtu? Jibu likipatikana, neno la Kiingereza halina shida tena.

Tuanze na "sorry", kwa kuwa ndilo linalotumika sana na ndilo linalopotosha sana. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema "pole", na tukizungumza Kiingereza tunasema "sorry". Kwetu hakuna anayeshangaa. Mwingereza au Mmarekani mgeni anaweza kukujibu kwamba si kosa lako, kwa sababu amesikia samahani mahali ulipotoa pole. Lakini katika barua, "sorry" ya pole ni halali kabisa na ina mahali pake pa heshima. Aliyefiwa anaandikiwa "I am so sorry for your loss." Mgonjwa anaandikiwa "I was sorry to hear that you have been unwell." Usithubutu kuweka "I apologise" hapo. Ukimwandikia mfiwa "I apologise for your loss" umesema, kwa maneno mengine, kwamba kifo kile ni kazi ya mikono yako. Na ile "pole na kazi" yetu, nzuri kama ilivyo, haina ndugu katika Kiingereza. "Sorry for work" haieleweki. Mshukuru mtu kwa kazi yake, inatosha.

Utajuaje kama "sorry" uliyoiandika ni pole au ni samahani? Tazama nani amesimama baada yake. "I am sorry that we sent the wrong goods" ni samahani, maana aliyetenda ni sisi. "I am sorry that you are unhappy" ni pole, maana anayetajwa ni wewe na hali yako tu. Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika. Mwandishi anadhani ameomba radhi, kumbe amempa pole mtu aliyemuumiza mwenyewe. Mkanyage abiria mwenzako kwenye daladala, kisha umwambie pole bila samahani, uone atakavyokugeukia. Msomaji wa Kiingereza naye hugeuka hivyohivyo, ila wewe humwoni.

Kuna waliozichanganya pole na samahani kwa makusudi, na walikuwa na sababu kubwa. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya jeshi la wanamaji la Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila kibali, na watu 24 waliokuwamo wakazuiliwa. China ilidai kuombwa radhi. Marekani haikutaka kuandika "apologise", maana ingekuwa imekiri kosa. Tarehe 11 Aprili balozi Joseph Prueher alikabidhi barua yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa ajili ya rubani na familia yake, nyingine kwa ndege kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya mdomo. Wachina waliisoma kama radhi, Wamarekani wakasema hawakuomba radhi, na watu 24 wakarudi kwao. Wanadiplomasia waliuhitaji utata huo ili kila upande urudi nyumbani na heshima yake. Wewe unayemwandikia mteja uliyemcheleweshea mzigo wake bandarini huuhitaji hata kidogo. Anataka kujua jambo moja: unakubali kwamba ni wewe, au hukubali?

Neno linalokubali ni "apologise". Mwenye kulitumia amejitaja kuwa mwenye kosa, na msomaji wa Kiingereza analipima hivyo. Linataka "to" kwa anayeombwa na "for" kwa lililotendeka: "I apologise to you and your family for the delay." Likifuatwa na kitendo, kitendo hicho kinaishia na -ing: "We apologise for sending the invoice twice." Kitenzi ni "apologise", jina ni "apology". "I apology" ni kosa ninaloliona hata katika barua zilizopigwa mhuri. Waingereza wengi huandika kwa s, Wamarekani kwa z, na zote mbili ni sahihi mradi usizichanganye katika barua moja. Epuka pia "I am apologising". Kiswahili kina "ninaomba radhi", ndiyo maana mkono unakwenda huko wenyewe, lakini Kiingereza hapa kinataka "I apologise", basi. Hata "I would like to apologise", ingawa ni ya adabu, naiona ni ya kuzunguka. Umekosa, omba.

"Apologies" kwa wingi, ikisimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, ni nyepesi. "Apologies for the late reply" inatosha kwa barua iliyokaa siku nne bila jibu. Haitoshi kwa mshahara uliochelewa. Wanaoandika mihtasari ya vikao wanaijua kwa maana nyingine: chini ya kichwa "Apologies" huwekwa majina ya waliotoa udhuru. Hapo hakuna aliyekosa wala anayeomba kusamehewa. Neno lenyewe lilitoka kwenye Kigiriki, ambako maana yake ilikuwa hotuba ya kujitetea mahakamani, kama ile ya Socrates huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na katika Kiingereza pia lilianza na maana hiyo ya kujitetea. Leo anayejitetea ndani ya barua ya "apology" ameiharibu.

Sasa "regret", neno lililomponza kijana wa mapokezi. Linapendwa na ofisi zetu kwa sababu linasikika la kisomi na limezoeleka kwenye barua za serikali na za benki. Kazi yake halisi ni kutoa habari isiyopendeza: "We regret to inform you that your application was not successful." Ni ile "tunasikitika kukujulisha" yetu. Aliyekataa ombi hana kosa, na kwa hiyo haombi radhi. Angalia pia kinachofuata neno hilo. "I regret to say" ni kusikitika kwa unachotaka kukisema sasa. "I regret saying" ni kujuta kwa ulichokwisha kusema. Ukizibadilisha utaonekana unajutia barua unayoiandika.

Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua neno hili vizuri kuliko wengi. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema serikali yake "sincerely regrets" kwamba ukatili huo ulitokea, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na papo hapo akasema Uingereza inaendelea kukana dhima kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumza juu ya "the greatest sorrow and the deepest regret". Watetezi wa haki za binadamu nchini Kenya, waliokuwa wakidai radhi kamili, walisikia mara moja kilichokosekana. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, mbele ya wazao wa waliouawa katika vita vya Maji Maji, akiomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wao. Viongozi wawili, nchi mbili jirani, siku mbili zinazofuatana. Mmoja alieleza huzuni, mwingine aliomba msamaha. Sidhani kama kuna mwalimu wa Kiingereza awezaye kuionyesha tofauti hiyo vizuri zaidi.

Australia iliishi ndani ya tofauti hiyo kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1999 waziri mkuu John Howard alipitisha bungeni azimio lenye "deep and sincere regret" kwa dhuluma walizofanyiwa wenyeji wa nchi hiyo, akakataa kutamka "sorry". Tarehe 13 Februari 2008 mrithi wake, Kevin Rudd, aliitamka bungeni, akiwaambia wenyeji walionyang'anywa wazazi wao na familia zao wakiwa watoto, na watu walilia hadharani. Tazama hapo: "sorry", neno ambalo kwenye barua ya Prueher lilichaguliwa kwa sababu halikukiri kosa, Australia lilikuwa ndilo kukiri kwenyewe. Uzito wake unatokana na sentensi iliyolibeba na mtu anayelitamka. Kwa hiyo usiniulize kama "sorry" ni neno dogo au kubwa. Niulize umeandika nini baada yake.

Mameneja wengi huikimbia "apologise" kwa hofu ya kudaiwa. Hofu hiyo si ya bure, lakini imevimba kupita kiasi. Uingereza na Wales zina sheria ya fidia ya mwaka 2006 inayosema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na mwaka huohuo jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipitisha sheria ya namna hiyo. Palipo na majeruhi, kifo, au mkataba mkubwa wenye mgogoro, peleka rasimu kwa mwanasheria na usome bima yako kabla ya kuandika, maana sera nyingi za bima zinamkataza mteja kukubali dhima bila idhini ya kampuni. Hata wakati huo hujafungwa mdomo. "I am very sorry for what you have been through" ni pole ya kweli, na hakuna sababu ya kumnyima mtu pole. Kwa chumba cha hoteli kilichouzwa mara mbili, ankara yenye hesabu mbaya, au jibu lililochelewa, hofu ya mahakama haina nafasi.

Maneno mengine nayapitia haraka. "Excuse me" ni ya kupita katikati ya watu au kumwita mhudumu, haiandikwi kwa kosa. "Please excuse the delay" inaandikika kwa jambo dogo. "Excuse" kama jina ni kisingizio, usiitumie kamwe ukimaanisha sababu yako. "Forgive" ndiyo "nisamehe" hasa, ni ya ndoa, ya urafiki, ya ibada. Kumwandikia mnunuzi wa kahawa huko Hamburg "please forgive me" kwa sampuli iliyochelewa ni kumtwika mzigo asiouomba. "Pardon" waachie marais wanaowaachia wafungwa. "I'm afraid" haina woga wowote ndani yake: "I'm afraid the room is already taken" ni njia laini ya kutoa habari mbaya, na kwa jambo lisilo kosa la mtu naipendelea kuliko "we regret".

Hatari nyingine iko kwenye maneno madogo yanayozunguka. "Any" katika "any inconvenience" inamwambia mtu kwamba huna hakika kama alipata usumbufu. "If" katika "if you were offended" inafanya hivyo kwa ukali zaidi. "But" baada ya "sorry" inafuta yote yaliyotangulia. "Inconvenience" yenyewe ni usumbufu wa lifti mbovu au maji kukatika saa mbili. Aliyekosa mazishi ya mama yake kwa sababu ulimkatia tiketi ya siku nyingine hakupata "inconvenience". Liite jambo kwa jina lake.

Kiingereza pia kina ile njia ya kuficha mtenda. Katika hotuba yake ya Januari 1987, wakati wa kashfa ya kuiuzia Iran silaha, Rais Ronald Reagan alisema "serious mistakes were made". Makosa yalifanywa, na nani? Kiswahili nacho hakijambo kwa mchezo huo: gari halikutumwa, pametokea hitilafu, imetokea bahati mbaya. Katika ofisi zetu sentensi hizi zinapita bila mtu kuguna. Zikihamia kwenye Kiingereza, msomaji wa huko huzikamata mara moja, maana amekwisha kuzisikia kwa wanasiasa wake. Andika "we did not send the driver". Inauma kuiandika, na ndiyo inayomtuliza aliyekosewa.

Barua ya radhi iliyosimama vizuri ninayoikumbuka ni ya Tim Cook wa Apple, Septemba 2012, baada ya ramani mpya za simu zao kupotosha watu njia. Alisema "extremely sorry", akakiri kwamba kampuni haikutimiza ahadi yake, akaweka jina lake chini, na akawashauri wateja watumie ramani za washindani wake wakati zake zinarekebishwa. Alitaja kosa, akalikubali, akatoa suluhisho lililomgharimu. Kwa kampuni yetu ya Arusha ningeandika hivi: "We did not send a driver to meet you last night, and you waited three hours at the airport. I apologise. We had entered your arrival under the wrong date. Please tell me what you paid for the taxi and I will refund it today." Sentensi nne. Kosa limetajwa kwanza, pamoja na saa tatu alizokaa. Radhi imesimama peke yake bila "sincerely" wala "deeply". Sababu imekuja baada ya radhi, tena kwa ufupi, ili isigeuke kujitetea.

Utaona hakuna salamu ndefu. Kwetu kuingia moja kwa moja kwenye jambo bila kujuliana hali ni ukosefu wa adabu, na desturi hiyo naipenda. Lakini mtu aliyekaa uwanjani saa tatu akifungua barua inayoanza na "I hope this email finds you well" ataiona dhihaka. Weka kosa mstari wa kwanza. Pia punguza "sana" zetu. "I am very very sorry, kindly kindly accept" inatoka kwenye unyenyekevu wa kweli wa Kiswahili, ila kwa Kiingereza inapunguza uzito badala ya kuuongeza. Mara moja, kwa neno sahihi, yatosha. Na ukiahidi saa, igeuze: saa mbili asubuhi iandikwe "8 a.m.", la sivyo utakuwa na kosa la pili la kuombea radhi.

Jambo la mwisho nawaomba wenzangu wa maofisini. Ninaona barua za radhi za Kiingereza zikipelekwa kutoka kwa mtu wa Tanga kwenda kwa mtu wa Dodoma, wote wawili wamelelewa kwa Kiswahili, eti kwa sababu ofisi inaandika Kiingereza. Taratibu zikiruhusu, msifanye hivyo. Mpokeaji anayejua Kiswahili mwombeni radhi kwa Kiswahili, na Kiingereza kiwekeni kwa ajili ya yule asiyekijua Kiswahili.